Hyflux: Kampuni ya Maji Iliyozamishwa na Umeme

Machi 2011 PUB, shirika la taifa la maji nchini Singapore, ilitangaza mshindi wa zabuni ya kiwanda cha pili cha kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Kazi ilikwenda kwa Hyflux, kampuni iliyozaliwa na kukulia kisiwani humo, kwa bei ya mwaka wa kwanza ya senti 45 za dola ya Singapore kwa kila mita ya ujazo. Kiwanda cha kwanza, SingSpring, kilifunguliwa 2005 na kilijengwa na Hyflux hiyohiyo. Chenyewe kilianza kwa senti 78. Kutoka kiwanda kimoja hadi kingine bei ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 40, na bahari ilikuwa ileile, yenye chumvi ileile.

Mwaka huohuo mwanzilishi wa kampuni, Olivia Lum, alitunukiwa na Ernst & Young tuzo ya dunia ya mjasiriamali wa mwaka. Miaka saba baadaye, Mei 22, 2018, kampuni ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Na Mei 18, 2019 PUB ikakichukua kiwanda kilichouza maji kwa senti 45, kwa malipo ya dola sifuri.

Nakichambua kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mara nyingi husimuliwa nusu. Watu husema kampuni ilikopa kupita kiasi, hadithi ikaishia hapo. Kukopa kulikuwepo, na nitalifikia suala hilo. Ila deni lilitanguliwa na uamuzi mwingine uliofanywa mapema zaidi, wakati bei ya zabuni ikipangwa: bei ya maji iliachwa ibebwe na biashara ya umeme. Anayetaka kuanzisha mradi wa maji leo, mkubwa au mdogo, atakutana na kishawishi hichohicho kikiwa kimevaa nguo nyingine.

Kemia, gari lililouzwa na utando

Lum alizaliwa Kampar, katika jimbo la Perak nchini Malaysia, akalelewa katika umaskini na bibi ambaye hakuwa wa damu yake. Alihamia Singapore akiwa bado kijana, akasoma kemia chuo kikuu, kisha akaajiriwa na kampuni ya dawa ya Glaxo. Mwaka 1989 aliacha kazi, akauza gari na nyumba yake, akabaki na mtaji wa dola 20,000 hivi (dola zote humu ni za Singapore). Kampuni aliyoanzisha iliitwa Hydrochem, nayo mwanzoni ilifanya biashara ya kawaida kabisa ya kuuzia viwanda vifaa na kemikali za kusafishia maji. Baadaye ikawa Hyflux, na Januari 2001 hisa zake zikaingia sokoni.

Kilichoipandisha ngazi ni utando. Maji ya bahari yakisukumwa kwa nguvu kwenye utando wenye matundu madogo mno, maji hupita na chumvi hubaki. Nguvu hiyo si ya mchezo, kwani presha inayotumika ni ya baa 60 hivi, zaidi ya mara 25 ya ile iliyomo kwenye tairi la gari dogo. Pampu za kusukuma hivyo hula umeme usiku na mchana. Sheria za fizikia zinasema kutenganisha chumvi na mita moja ya ujazo ya maji ya bahari kunadai karibu uniti moja ya umeme hata kwa mashine isiyopoteza chochote. Viwanda halisi, pamoja na pampu za kuvuta na kusafisha kabla, hutumia kama uniti tatu na nusu. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha namna hii ni mteja wa umeme kwanza, kisha ni muuza maji. Bei ya umeme ikicheza, gharama yake yote inacheza.

Hyflux ilikuwa na utando wake yenyewe wa kuchujia, ulioitwa Kristal, na ilikuwa na serikali iliyohitaji maji kwa dhati. Singapore haina mito mikubwa wala maziwa ya asili ya kutegemea. Kwa miongo mingi imenunua maji kutoka Johor, jimbo la Malaysia lililo ng'ambo ya mlango wa bahari, kwa mkataba wa 1962 utakaokwisha 2061. Nchi inayoijua tarehe ambayo bomba lake linaweza kufungwa haichezi na suala hilo. Ndipo zikaja juhudi za kusafisha majitaka hadi yanyweke, yaliyopewa jina NEWater na kuzinduliwa 2003, na kisha maji ya bahari. Hyflux ilikuwepo katika zote mbili. Kwa kampuni changa huu ni mwanzo wa ndoto: mteja wa kwanza ni serikali inayolipa kwa wakati, na kazi ya nyumbani inakuwa cheti cha kuombea kazi China na Algeria. Huko Magtaa, Algeria, ilikuja kujenga kiwanda chenye uwezo wa mita za ujazo 500,000 kwa siku, miongoni mwa vikubwa zaidi duniani vya aina yake.

Jenga, uza, jenga tena

Injini ya fedha ya Hyflux inafaa kueleweka kabla ya kufika kwenye zabuni, maana ndiyo iliyokuja kukwama.

Kiwanda cha maji kina sura mbili za fedha. Kinapojengwa kinameza mtaji mkubwa kwa mkupuo. Kikishaanza kazi kinalipa kidogokidogo kwa miaka 20 au 25, kwa uhakika, kama kodi ya nyumba nzuri yenye mpangaji asiyehama. Kampuni ya wahandisi haina subira ya miaka 25. Inachofanya ni kujenga, kuthibitisha kuwa kiwanda kinafanya kazi, kisha kuuza sehemu kubwa ya umiliki kwa mtu mwenye subira: mfuko wa pensheni, mfuko wa miundombinu, bima. Fedha zinazopatikana zinakwenda kwenye mradi unaofuata. SingSpring ilipita njia hiyo. Mwaka 2007 asilimia 70 ya umiliki wake ilikuwa imeingia kwenye mfuko wa miundombinu wa CitySpring, na Hyflux ikabaki na 30.

Ni mkakati mzuri, na siulaumu. Unadai kitu kimoja tu: kila kiwanda unachojenga kiwe cha kuuzika. Mwenye subira hanunui ujanja wa kihandisi, ananunua utulivu wa mapato. Ukimletea kiwanda ambacho mapato yake yanapanda na kushuka kama bei ya mafuta, hakitaki, hata kama pampu zinang'aa.

Kuna jambo jingine la kihasibu ambalo wengi hulipita. Kampuni inapojijengea kiwanda chini ya mkataba wa muda mrefu na serikali, kanuni za uhasibu huiruhusu kuandika mapato ya ujenzi na faida yake wakati ujenzi ukiendelea, ingawa fedha zenyewe zitaingia kwa miaka mingi ijayo. Hakuna udanganyifu katika hilo, ndivyo kanuni zilivyo. Lakini kwa miaka kadhaa mfululizo vitabu vya Hyflux vilionyesha faida huku fedha taslimu kutoka kwenye shughuli zake zikiwa hasi. Faida ilikuwa kwenye karatasi, na mishahara, riba na saruji vililipwa kwa fedha za kukopa. Hali hiyo inavumilika mradi kila baada ya muda kiwanda kimoja kinauzwa na taslimu zinaingia. Kisipouzika, injini inazima.

Senti 45 zilitoka wapi

Kiwanda kipya kiliitwa Tuaspring, na kilipewa uwezo wa mita za ujazo 318,500 kwa siku na mkataba wa kuuzia PUB maji kwa miaka 25. Pembeni yake, kwenye kiwanja kilekile, Hyflux iliamua kujenga kituo cha umeme wa gesi chenye uwezo wa megawati 411. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: umeme ndio gharama kubwa kuliko zote, basi tujizalishie wenyewe, na utakaobaki tuuze kwenye gridi ya taifa.

Neno "utakaobaki" ndilo la kutazamwa kwa karibu. Chukua karatasi na kalamu. Mita za ujazo 318,500 mara uniti tatu na nusu ni kama uniti milioni 1.1 kwa siku. Gawanya kwa saa 24, unapata megawati 46 hivi. Kituo ni cha megawati 411. Kwa hiyo kiwanda cha maji, kikifanya kazi kwa nguvu zote, kinahitaji takriban fungu moja kati ya tisa. Mafungu manane ndiyo "yanayobaki".

Endelea na hesabu. Maji yote ya siku nzima kwa senti 45 yanaleta dola 143,000 hivi. Megawati 365 zilizobaki, zikizalishwa mfululizo na kuuzwa kwa dola 200 kwa megawati-saa (yaani uniti 1,000), ambayo ndiyo ilikuwa hali ya soko la jumla la Singapore mwaka 2011 na 2012 kwa kukadiria chini kidogo, zinaleta zaidi ya dola milioni 1.7 kwa siku. Najua kituo hakiendeshwi kwa nguvu zote saa zote, na najua gesi inanunuliwa. Lakini uwiano unajieleza wenyewe: katika kila dola ambayo mradi huu ungeingiza, chini ya senti 8 zilitoka kwenye maji. Kampuni ya maji ilikuwa imeomba mradi wa umeme wenye kiwanda cha maji ubavuni.

Bado sijaridhika hadi nione udhaifu ulipo. Bei ya umeme ikishuka kwa dola 10 tu kwa megawati-saa, bila gesi kushuka, mradi unapoteza karibu dola 88,000 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mapato yote ya maji. Upande mmoja kuna mkataba wa miaka 25 na serikali, bei yake imefungwa kwa masharti. Upande wa pili kuna soko linalobadilika kila nusu saa. Na huo wa pili ndio unaotakiwa kuubeba wa kwanza.

Nitawatendea haki walioamua. Kituo kikubwa hakikuchaguliwa kwa tamaa peke yake. Mitambo midogo ya gesi, ya kiasi cha megawati 50, inachoma gesi nyingi zaidi kwa kila uniti kuliko mtambo mkubwa unaotumia moto wa gesi na kisha mvuke wake. Mhandisi yeyote angekuambia mkubwa una tija zaidi. Na bei za 2011 zilivutia kweli. Mtu aliyechora jedwali la miaka 25 akitumia bei ya siku ile alipata jibu zuri sana. Tatizo ni kwamba wenzake wote waliokuwa kwenye biashara ya umeme walikuwa wakichora jedwali hilohilo.

Soko lilivyogeuka

Singapore iliamua kupunguza utegemezi wa gesi ya bomba kutoka nchi jirani kwa kujenga bandari ya gesi asilia iliyosindikwa, iliyoanza kazi 2013. Gesi hiyo ilihitaji wanunuzi wa muda mrefu, na wazalishaji wa umeme walijiandikisha kwa wingi, wakajenga au kuboresha mitambo ya kuitumia. Aliyejifunga kununua gesi kwa miaka hawezi kuzima mtambo kirahisi soko linapodorora. Anaona heri auze umeme kwa faida finyu, au kwa hasara kidogo, kuliko kulipia gesi asiyoichoma. Kufikia 2016 nchi ilikuwa na uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 13,000, wakati mahitaji ya juu kabisa yalikuwa karibu 7,000.

Bei ya jumla ikaporomoka. Sehemu ya anguko ilitokana na mafuta kushuka kuanzia 2014, jambo lililoshusha pia bei ya gesi, hivyo si kila dola iliyopotea kwenye bei ilipotea kwenye faida. Lakini wingi wa mitambo uliikaba faida yenyewe. Kutoka zaidi ya dola 200 kwa megawati-saa, wastani wa mwaka 2016 ukawa karibu dola 60.

Na 2016 ndio mwaka ambao umeme wa Tuaspring ulikuwa ndiyo kwanza unaingia sokoni kibiashara. Sehemu ya maji ilikuwa imezinduliwa Septemba 2013. Katika miaka ya kati maji yaliuzwa kwa bei iliyodhania kuna kituo cha umeme, na kituo hakikuwa tayari. Kilipokuwa tayari, soko lilikuwa limeshafurika. Ucheleweshaji wa namna hii hauonekani kwenye jedwali la mhasibu, maana jedwali hudhani kila kitu kinaanza siku moja.

Mtu anaweza kusema hakuna aliyeweza kutabiri bei kushuka hivyo. Nakubali kiasi. Ila hakuna aliyehitaji kutabiri bei. Kilichotosha ni kuuliza: katika soko hili, mimi mgeni nina nini ambacho wazoefu hawana? Kampuni kubwa za umeme zilikuwa na wateja wa rejareja, madawati ya biashara ya umeme, mitambo kadhaa ya kupangiana zamu na mikoba mizito ya kuvumilia miaka mibaya. Hyflux ilikuwa na mtambo mmoja mpya na deni lake. Kwenye maji ilikuwa bingwa mwenye utando wake na miaka 20 ya uzoefu. Kwenye umeme ilikuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza aliyeingia na dau kubwa kuliko alilowahi kuweka kwenye fani yake mwenyewe.

Najua methali ya mshika mbili itatajwa hapa. Kwangu haifai kwa kisa hiki. Kampuni nyingi huendesha maji na umeme pamoja na kustawi, na katika nchi za Ghuba viwanda vya aina hiyo ni kawaida, kwa sababu huko kwa kawaida mnunuzi mmoja wa serikali hununua vyote viwili kwa mkataba. Kasoro ya Tuaspring ilikuwa kwamba maji yalikuwa na mnunuzi wa mkataba na umeme ulikuwa hauna, halafu bei ya maji ikapangwa kana kwamba umeme unao.

Fedha za watu

Sasa deni. Mwaka 2011, baada ya kushinda zabuni, Hyflux iliuza kwa umma hisa za upendeleo, yaani zinazolipwa gawio kabla ya hisa za kawaida, za dola milioni 400 zenye gawio la asilimia 6 kwa mwaka. Mei 2016 iliuza hatifungani zisizo na ukomo za dola milioni 500, nazo kwa asilimia 6. Mtu wa kawaida aliweza kuziomba kwenye mashine ya kutolea fedha ya benki yake, akibonyeza vitufe vilevile anavyobonyeza kutoa fedha za matumizi. Walioshikilia karatasi hizi mbili walikuwa kama 34,000, wengi wakiwa watu walioweka akiba ya uzeeni. Waliona jina la kampuni ya nyumbani, wakaona maji, wakaona mteja ni serikali. Nani anaacha kunywa maji?

Hapa ndipo kisa kinaponiuma. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Kama wangekuwa wanakopesha biashara ya maji, wangekuwa salama kwa kiasi kikubwa. Lakini karatasi yenye neno "maji" usoni ilikuwa, nyuma yake, dau kwenye soko la umeme. Asilimia 6 ya dola milioni 900 ni dola milioni 54 kwa mwaka. Maji yote ya Tuaspring, mwaka mzima, bila siku moja ya matengenezo, kwa senti 45, ni dola milioni 52 hivi, kabla ya kulipa umeme, wafanyakazi au benki. Malipo kwa wawekezaji hawa peke yao yalizidi mauzo yote ghafi ya maji ya mradi mkuu wa kampuni. Hesabu hiyo inachukua dakika mbili, na mtu aliyesimama mbele ya mashine ya benki hakuonyeshwa namna ya kuifanya.

Hatifungani "isiyo na ukomo" nayo ilistahili maelezo ya polepole. Haina siku ambayo kampuni inalazimika kukurudishia mtaji. Ukipanga foleni ya wadai, benki zenye dhamana zinakaa mbele kabisa, na wewe uko nyuma, jirani na wenye hisa za kawaida. Malipo ya asilimia 6 wakati benki inalipa akiba asilimia moja au pungufu yanapaswa kusomeka kama onyo.

Mwaka 2017 kampuni ilipata hasara ya mwaka kwa mara ya kwanza tangu iingie kwenye soko la hisa, zaidi ya dola milioni 115, na Tuaspring ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo kikuu. Ilikuwa imeshaanza kutafuta mnunuzi wa mradi huo. Hapa injini ya jenga-uza-jenga ilihitajika kuliko wakati wowote, na hapa ndipo ilipogoma: mwenye subira aliyetafuta mapato tulivu alikuta mafungu manane kati ya tisa ya umeme yamelala sokoni bila mkataba. Na mwenye kutaka kununua kituo cha umeme alikuta amefungiwa kiwanda cha maji cha taifa ambacho hawezi kukibadilishia mmiliki bila ridhaa ya PUB. Kuunganisha biashara mbili kulikuwa kumezifanya zote mbili ziwe ngumu kuuza. Aprili 2018 ikafika, tarehe ambayo hisa za upendeleo zisiponunuliwa na kampuni gawio lingepanda hadi asilimia 8. Mwezi uliofuata kampuni ikaenda mahakamani.

Mengine yalikwenda kwa mwendo wa kusikitisha. Oktoba 2018 ubia wa makundi ya Salim na Medco ya Indonesia ulikubali kuweka dola milioni 530. Machi 2019 PUB ilitoa notisi kwamba Tuaspring imekiuka mkataba wake, na kabla ya wiki ya kwanza ya Aprili kumalizika mpango wa Waindonesia ulikuwa umevunjika. Wawekezaji walikusanyika Hong Lim Park, mahali pa wazi ambapo sheria za Singapore huruhusu mikutano ya malalamiko, na wazee walisimama na mabango. Novemba 2020 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa mahakama, na Julai 2021 mahakama ikaamuru ifungwe. Mwaka 2022 Lum na baadhi ya waliokuwa viongozi wenzake walifunguliwa mashtaka yanayohusu taarifa walizopewa wawekezaji juu ya Tuaspring. Hilo ni la mahakama. Mimi nabaki kwenye mkakati.

Kulikuwa na njia nyingine?

Zilikuwepo tatu, kwa ninavyoona, na zote zilikuwa na gharama yake.

Ya kwanza ni kuomba zabuni ya maji matupu, umeme ukinunuliwa kwa mkataba, na bei ikatajwa kama ilivyo. Kwa uniti tatu na nusu na umeme wa senti 20 kwa uniti, umeme peke yake ungefika senti 70. Bei ya mwisho ingekuwa mbali sana na 45, na pengine mshindani mwenye kituo chake angeshinda. Hyflux ingekosa mradi. Kwa mwaka 2011, ambapo ghasia za Afrika Kaskazini zilikuwa zimetikisa kazi zake za huko, kukosa kazi ya nyumbani kungeuma. Lakini kampuni inayokosa zabuni inaamka kesho yake ikiwa na wahandisi wake wote na utando wake wote.

Ya pili naiona bora, na inashangaza kuwa haikufuatwa. Kituo kilekile cha megawati 411, kiwanja kilekile, lakini mmiliki wa kituo awe kampuni ya umeme. Hyflux inamkodisha ardhi, inaingia naye mkataba wa kununua megawati 46 kwa miaka 25 kwa bei yenye kanuni ileile ya kupanda na kushuka kama ya mkataba wa maji. Akipata hasara kwenye zile 365, ni fani yake, ana zana za kuikabili. Hyflux ingepata umeme wa karibu bila gharama ya nyaya ndefu, na ingepoteza faida ya umeme ambayo kwa hesabu za 2011 ilionekana tamu. Bei ya zabuni ingekuwa juu ya senti 45, lakini chini ya njia ya kwanza. Na kiwanda cha maji kingebaki kitu safi, cha kuuzika kama SingSpring.

Ya tatu ni kujenga kila kitu wenyewe, lakini kabla ya kumwaga zege kuuza sehemu kubwa ya umeme kwa mikataba mirefu kwa viwanda vikubwa. Wasipopatikana wanunuzi wa kufunga bei kwa miaka kumi, hilo lenyewe ni jibu: wenye kulijua soko hawaamini kuwa bei ya leo itadumu. Mjasiriamali mwenye ari husikia jibu hilo kama fursa. Mimi ningelisikia kama sauti ya kengele.

Mteja naye ana sehemu yake. PUB ilipokea bei ya chini kuliko zote, na kwa mlipakodi ni jambo la busara. Lakini shirika linalonunua maji ya miaka 25 linanunua pia uhai wa muuzaji kwa miaka 25. Bei inaposhuka zaidi ya asilimia 40 kutoka mradi uliotangulia, anayefungua bahasha ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha punguzo hilo kimetoka kwenye utando na pampu, na kiasi gani kimeazimwa kutoka soko jingine. PUB ilijilinda kwa njia nyingine, kwa kifungu kilichoiruhusu kukitwaa kiwanda muuzaji akishindwa. Siku ilipokitumia, tathmini ilionyesha thamani ya kiwanda ilikuwa chini ya sifuri, maana yake kwa mkataba Hyflux ndiyo iliyopaswa kumlipa anayekichukua. PUB ikasema haitadai tofauti hiyo, ikakichukua kwa sifuri, na maji ya Tuaspring yakabaki kwenye mtandao wa taifa.

Kituo cha umeme kilibaki mikononi mwa wadai kwa miaka mingine mitatu. Mwaka 2022 kilinunuliwa na YTL PowerSeraya, mojawapo ya kampuni kongwe za kuzalisha umeme kisiwani. Pale Tuas, kwenye kiwanja kimoja, sasa maji yana mwenyewe wa maji na umeme una mwenyewe wa umeme.